AC ya Gari Imekosa Moto: Fuata Waya Kabla ya Kujaza Gesi

Novemba ya Mtwara ukiwa ndani ya gari lililofungwa vioo ni adhabu. Ndiyo maana AC ikikata, wengi wetu tunakimbilia neno moja tu: gesi. Fundi anafungua boneti, anachomeka mpira, anajaza, unalipa. Siku nyingine ubaridi unarudi. Siku nyingine haurudi, kwa sababu shida ilikuwa fyuzi, rilei (swichi inayoamrishwa na umeme), waya ulioliwa na chumvi ya bahari, au feni ya mbele iliyogoma kuzunguka. Na hata kama gesi imepungua kweli, kujaza bila kutafuta ilipotokea ni kununua ubaridi wa wiki chache.

Hapa tutafuata moto, yaani umeme, kutoka kwenye kitufe cha AC hadi kwenye kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC. Nazungumzia magari tunayoyaona kila siku kati ya Mikindani na Masasi: IST, Probox, Noah, Hiace, RAV4 na ndugu zake, yenye kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini. Hybridi zina mambo yake, nitazigusa mbele.

Vifaa havizidi mfuko mmoja: multimita ya kawaida, taa ya kupimia ya volti 12, bisibisi, spana namba 10, msasa laini, fyuzi za akiba, na kipande cha waya chenye fyuzi katikati. Geji za gesi ukikosa, utaazima kwa fundi AC tutakapofika huko.

Kabla ya kuinama kwenye injini, vua tai, skafu, mtandio unaoning'inia na bangili. Feni ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata kama injini imezimwa. Chini ya dashibodi, waya za njano ni za erbegi, usizichomoe wala usizipime.

Kwanza, hakikisha umeiomba ifanye kazi

Washa injini. Bonyeza kitufe cha AC, weka feni ya ndani kasi ya kati, shusha joto hadi mwisho wa ubaridi. Inaonekana ni jambo la mtoto, lakini kwenye magari mengi amri ya AC inapitia kwenye swichi ya feni. Feni ikiwa sifuri, kompresa haitashika hata ukibonyeza kitufe hadi kitoboke.

Pima na betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma chini ya 13 wakati injini inaunguruma, anza na oltaneta na mkanda wake. Klachi ya kompresa ni sumaku ya umeme, na sumaku yenye umeme dhaifu inashika vibaya, inateleza, kisha inaungua.

Sasa jibu swali moja tu: upepo unatoka ndani, au hautoki kabisa? Jibu hilo linagawa kazi yote.

Upepo hautoki kabisa

Hapa shida ni ya bloa, feni ya ndani iliyokaa nyuma ya droo ya dashibodi. Kompresa haihusiki, na gesi haihusiki. Tafuta kwenye sanduku la fyuzi iliyoandikwa HTR au BLOWER. Magari mengi yanayotoka Japani yana kifuniko chenye maandishi ya Kijapani, lakini vifupisho kama HTR na A/C mara nyingi vimeandikwa kwa herufi zetu. Usiamini jicho peke yake: fyuzi inaweza kuonekana nzima huku mguu wake umeoza. Washa swichi, gusa vitobo viwili vidogo vya juu ya fyuzi kwa taa ya kupimia. Taa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika.

Fyuzi ikiwa nzima, gonga taratibu kiganda cha bloa kwa mpini wa bisibisi huku swichi ikiwa imewashwa. Ikiamka, kaboni zake zimekwisha. Itafanya kazi leo, kesho itagoma uko Nangurukuru saa saba mchana.

Kama inafanya kazi kasi ya mwisho peke yake na kasi za chini zimekufa, rezista, kile kipande kinachopunguza umeme wa kasi za chini, imeungua. Kasi ya mwisho haipiti kwenye rezista, ndiyo maana inabaki hai. Chomoa plagi ya rezista uitazame kwa karibu: mara nyingi utakuta tundu moja limekuwa kahawia na plastiki yake imelainika. Bloa ikiwa kasi ya juu inaweza kula hadi ampea 20, na mguu ukilegea kidogo tu, joto lote linakusanyika hapo. Ukibadilisha rezista ukaiacha plagi iliyoungua, unarudi baada ya muda kununua rezista nyingine. Magari yenye AC ya auto, inayojirekebisha yenyewe, hayana rezista hii, yana kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo hiyo, na chenyewe pia kinakufa kwa joto.

Ukiwa hapo hapo, vuta filta ya kabini. Gari linalopanda Newala au Tandahimba msimu wa kiangazi hurudi na filta yenye vumbi la kutosha kupanda muhogo. Filta iliyoziba inafanya upepo uwe dhaifu, watu wakadhani AC imekwisha nguvu.

Upepo unatoka, ila ni wa moto

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Dereva wa Noah mwenye abiria utamsikia: "Fundi, niwekee gesi chapchap, naenda Masasi." Fundi mzuri hatashika mpira wa gesi. Atasema, "Subiri, mzee. Iwashe kwanza nisikie."

Anasikiliza nini? Mlio mmoja, "ta!", wa klachi ya kompresa kushika. Mwambie mtu abonyeze kitufe cha AC huku wewe umesimama mbele ya boneti. Tazama uso wa kompresa: puli ya nje inazunguka muda wote na mkanda, lakini sahani ya katikati husimama hadi klachi ishike. AC ikikubali, sahani inarukia ndani na kuzunguka pamoja na puli, mlio wa injini unabadilika kidogo, na feni ya mbele inawaka.

Sahani ikizunguka na ubaridi hakuna, moto umefika. Hapo ruka hadi sehemu ya feni na gesi. Sahani ikisimama kimya, endelea nami.

Taa ya kitufe inasema nini

Taa ya AC isipowaka kabisa, angalia fyuzi ya A/C, ambayo mara nyingi ni ya ampea 7.5 au 10, kisha kitufe chenyewe. Taa ikiwa inawakawaka, hasa kwenye Toyota, kompyuta imeona kompresa haizunguki sawasawa na injini, ikaikatia moto ili mkanda usikatike. Kagua mkanda uliolegea au unaong'aa. Kisha zima injini, shika sahani ya katikati uizungushe kwa mkono. Ikigoma kabisa, kompresa imejifunga, na hakuna waya utakaoiponya.

Toyota nyingi zenye AC ya auto zinaweza kukueleza zenyewe. Shikilia kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Taa zitapepesa, halafu namba itatokea. 00 ni salama. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya evapareta (kipozeo kilichomo ndani ya dashibodi), 22 ni kompresa kujifunga, 23 ni presha ya gesi. Ukipata 21, usihangaike: ni sensa ya jua, na huonekana yenyewe ukipima ndani ya banda au usiku. Sogeza gari juani upime tena.

Pima kwenye plagi ya klachi

Hiki ndicho kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote, maana kinakata shauri. Chomoa plagi ya waya iendayo kwenye klachi. Injini ikiwaka na AC ikiwa imebonyezwa, gusa tundu la waya kwa ncha nyekundu ya multimita, ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri.

Ukipata volti 12 au zaidi, gari limefanya kazi yake: moto umefika mlangoni na klachi haifungui. Zima injini, pima ukinzani wa koili, yaani waya uliozungushwa wa sumaku ya klachi. Koili nzima husoma takriban omu 3 hadi 5. Isiposoma chochote, imekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri, ina shoti, na ndiyo inayokuunguzia fyuzi.

Koili ikiwa nzima, pima ethi. Klachi yenye waya mmoja inarudisha umeme kupitia mwili wa kompresa na injini, na huku kwetu pwani ethi ndiyo ya kwanza kuoza. Rudisha plagi, washa kila kitu, weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha kompresa. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, ethi ni mbovu. Fungua waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, piga msasa hadi chuma kiwe cheupe, funga, paka mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini. Hayo mafuta ya dukani yanazuia chumvi vizuri tu.

Kuna ugonjwa mwingine unaodanganya sana. Asubuhi AC inakubali, saa sita mchana inakataa, jua likipoa inakubali tena. Nafasi kati ya sahani na puli imeongezeka kwa kuchakaa. Koili ikipata joto ukinzani wake unapanda, sumaku inapungua nguvu, haiwezi tena kuvuta sahani iliyo mbali. Pima nafasi hiyo, injini ikiwa imezimwa, kwa vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia valvu. Kompresa nyingi zinataka kati ya milimita 0.3 na 0.6. Ikizidi, fundi anafungua sahani na kupunguza washa nyembamba iliyo nyuma yake. Ni kazi ndogo isiyohitaji kompresa mpya, ingawa wapo watakaokuuzia kompresa.

Hakuna moto kwenye plagi

Rudi nyuma hatua kwa hatua. Kwanza rilei, kwenye sanduku la boneti, mara nyingi imeandikwa MG CLT au A/C. Ibadilishane na ya honi ikiwa ni za aina moja, zinafanana miguu na namba. AC ikiamka na honi ikanyamaza, umeshajua.

Rilei ikiwa nzima, ichomoe. Kwenye soketi yake tafuta tundu lenye moto wa betri na lile linalokwenda kwenye klachi, uyaunganishe kwa waya wako wenye fyuzi ya ampea 10, sekunde chache tu. Klachi ikipiga "ta!", njia yote ya mbele ni nzima na shida iko upande wa amri: swichi ya presha, sensa, kitufe au kompyuta. Isipopiga, waya umekatika kati ya rilei na kompresa. Sekunde chache nimesema kwa makusudi, kwa sababu oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Mfumo ukiwa mtupu, kompresa inazunguka kavu.

Hapo ndipo umeme na gesi vinapokutana. Kwenye bomba jembamba la AC pamefungwa swichi ya presha. Kwenye Toyota nyingi hukata moto presha ikishuka chini ya kilopaskali 196, yaani karibu psi 28, na hukata tena ikipanda kufikia 3140, karibu psi 455. Gesi ikivuja ikaisha, swichi inakata njia ya moto, na wewe ukipima waya utaapa kwamba ni shida ya umeme. Ndiyo, moto haupo, lakini aliyeuzima amefanya sawa.

Azima geji, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Gesi ya R134a kwenye joto la nyuzi 30 husoma karibu psi 95 hadi 100 pande zote mbili. Ikisoma karibu na sifuri, mfumo ni mtupu. Ila usidanganyike na psi 95: gesi kidogo na gesi iliyojaa husoma sawa gari likiwa limezimwa, almuradi bado kuna ya maji maji ndani. Geji ya injini iliyozimwa inakuambia tu kama gesi ipo.

Presha ikiwepo na swichi ni ya waya mbili, chomoa plagi yake uunganishe matundu mawili kwa kipande cha waya, kwa muda wa kipimo tu. Klachi ikishika, swichi imekufa. Ya waya tatu usiiunganishe kamwe: hiyo ni sensa inayotuma volti kwa kompyuta, na utaunguza kitu cha gharama kubwa kuliko AC yenyewe. Na yeyote anayeacha swichi imeunganishwa moja kwa moja ili "gari litembee", anakuandalia bili ya kompresa.

Kumbuka pia kwamba kompyuta hukata AC kwa hiari yake injini ikichemsha. Gari lenye maji pungufu kwenye rejeta litakunyima ubaridi kabla halijakusimamisha.

Chumvi, panya na fyuzi inayoungua kila mara

Magari yanayolala Shangani, au yanayobeba mzigo karibu na mashamba ya chumvi, yana alama yake: unga wa kijani kwenye miguu ya plagi. Utauona ukichomoa plagi ya klachi au ya feni, umejaa ndani ya matundu. Safisha kwa dawa ya kusafishia miguu ya umeme au msasa uliokunjwa, kausha, paka mafuta ya mgando. Waya uliokuwa mweusi ndani ukimenya, kata hadi ufikie shaba inayong'aa.

Panya ni kisa kingine. Gari linalolala kando ya ghala msimu wa korosho, fungua boneti ukague waya zinazopita juu ya injini na chini ya dashibodi, wanapenda mahali penye joto.

Fyuzi ikiungua kila ukiweka, usiongeze ampea wala usitie karatasi ya sigara. Ya ampea 10 ni nyekundu, rudisha nyekundu. Chomoa plagi ya klachi kwanza: fyuzi ikidumu, koili ndiyo mwizi. Ikiendelea kuungua, chomeka balbu ya taa ya breki, ile ya wati 21, mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Sasa tembeza mkono kwenye waya, uutikise kidogo kidogo kila unapopita karibu na chuma. Pale balbu itakapofifia ghafla ndipo waya ulipochubuka.

Klachi inashika lakini ubaridi unakata

Kama ubaridi upo barabarani kutoka Mingoyo kwenda Mtwara, kisha unaisha ukisimama kwenye foleni ya pantoni ya Msangamkuu, mtazame feni wa mbele. Gari likitembea upepo unapoza kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele, likisimama anayepoza ni feni peke yake. Asipozunguka, presha inapanda na swichi inakata. Mwagia kondensa maji kwa kopo, injini ikiwaka na AC ikiwa wazi: ubaridi ukirudi ndani ya dakika moja mbili, umepata jibu. Mpe feni moto wa moja kwa moja kutoka betri. Akizunguka, rudi kwenye rilei na fyuzi yake. Asipozunguka, mota imekufa. Kondensa iliyoziba kwa vumbi na wadudu ioshe kwa maji ya presha ndogo, kubwa inapinda mapezi yake.

Gesi ikiwa imepungua, kuna pahali imetokea. Tafuta doa la oili lenye vumbi kwenye maungio, kwenye kingo za chini za kondensa ambazo chumvi hupenda kuzitoboa, na nyuma ya klachi. Dai ujazaji wa kweli: kuziba panapovuja, kubadilisha filta ya kukaushia, kuvuta hewa kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, kuona geji haipandi, ndipo gesi ipimwe kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika ya chini ya boneti. Unyevu wa huku pwani ukibaki ndani unaganda na kula vyuma. Gesi ya kupikia isiingie kabisa, inalipuka. Na usifungue bomba lenye presha kwa spana: R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikugusa jicho umepofuka.

Hybridi

Aqua, na Prius kuanzia toleo la pili, hazina mkanda wala klachi kwenye kompresa. Kompresa ni ya umeme inayolishwa na betri kubwa, volti 144 kwa Aqua ya toleo la kwanza na 201.6 kwa Prius ya toleo la pili na la tatu, kupitia waya za rangi ya chungwa. Fyuzi za kawaida unaweza kukagua. Waya za chungwa mwachie fundi mwenye glavu za umeme, na umkumbushe kwamba oili ya kompresa hizo si ile ya magari mengine. Ya kawaida ikiingia, umeme unavujia kwenye mwili na gari linaweza kukataa kuwaka.

Kabla hujamlipa fundi

Acha gari lisimame likiunguruma dakika kumi, juani, AC ikiwa mwisho na hewa ikizunguka ya ndani. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati: nyuzi 5 hadi 12 ni sawa kwa hali ya hewa yetu, na siku ya unyevu mwingi huwa karibu na 12. Maji yadondoke chini ya gari upande wa abiria. Yasipodondoka Mtwara mwezi wa Januari, ama evapareta haipoi, ama bomba lake limeziba na maji yanamwagikia ndani chini ya zulia. Gusa plagi ya klachi na fyuzi yake: zikiwa za moto kiasi cha kuondoa mkono, kuna mguu umelegea, na mwambie aukaze kabla hujatoa hela.